Waliwasha Bila Mabati: Kisa cha Usiku wa Taa na Senene Kampala

Senene wa kwanza, mdudu wa jamii ya panzi anayeliwa huku kwetu, alitua kwenye kilemba cha Bibi yapata saa mbili na nusu usiku. Bibi hakumpangusa. Alimshika kwa vidole viwili, akamgeuza tumbo juu, akamkagua kama mtu anayekagua noti anayoitilia shaka, kisha akainua macho kwenye nguzo ya mwanga mweupe iliyosimama wima juu ya paa la jumba.

"Wamewasha bila mabati," akasema.

Sikumwelewa papo hapo. Baada ya dakika kumi nilimwelewa vizuri, na kila aliyekuwa kwenye njia ile alimwelewa pia, pamoja na wale walioziwasha taa zenyewe. Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu waongozaji wenzangu wameniuliza mara nyingi kama inafaa kupeleka wageni kwenye matembezi ya taa za usiku. Jibu langu ni ndiyo, ila inategemea ni mwezi gani na ni taa gani.

Wageni na mahali

Kazi yangu ni kuwazungusha wageni Kampala. Wengi ni watu wa Kiswahili: wafanyabiashara wa Goma na Bunia, Wakenya waliokuja kuona watoto wao vyuoni, jamaa za watu waliooa au kuolewa huku. Safari hii nilikuwa na familia ya watu sita kutoka Bukoba, waliovuka mpaka Mutukula kwa basi: Bibi mwenyewe, mwanawe ambaye mimi nilimwita kaka, mkewe, na watoto watatu, mkubwa wa miaka kumi na miwili na mdogo wa minne. Shemeji ndiye aliyeliona tangazo kwenye simu na kusema hatuondoki Kampala bila kwenda. Ilikuwa katikati ya Novemba. Neno hilo, Novemba, lingetosha kunizindua. Halikunizindua.

Jina la mahali sitalitaja. Wenyewe ni watu wema, walikosea kama ambavyo ningekosea mimi, na bado nataka wanifungulie lango. Itoshe kusema ni jumba la kale juu ya mojawapo ya vilima vya Kampala, lenye veranda pana na kuta nyeupe. Nyuma yake kuna nyumba ya nyasi iliyojengwa upya kwa mtindo wa Buganda, na chini uwanja wa mteremko wenye miti mikubwa ya mutuba. Njia ya miguu inashuka bondeni na kupanda upande wa pili. Kwenye njia hiyo walikuwa wamepanga vituo tisa vya taa. Unaingia kwa tiketi yenye saa yake, unafuata njia upande mmoja tu bila kurudi nyuma, unatokea lango la pili palipo na chai na chapati.

Mtindo huu haukuzaliwa hapa, na hilo si kosa. Chapati nayo haikuzaliwa hapa. Watu wa Lyon, Ufaransa, waliweka mishumaa madirishani tarehe 8 Desemba 1852 kwa heshima ya Bikira Maria, na mji huo mpaka leo una sikukuu yake ya taa kila Desemba. Kwenye kasri la Chambord, mwaka 1952, ndipo walipoanza kulisimulia jengo la kale kwa taa na sauti usiku. Piramidi za Giza, Misri, zikafuata mwaka 1961. Bustani ya Kew, London, ilianza njia yake ya taa za Krismasi mwaka 2013, na mtindo ukasambaa kwenye bustani na majumba ya kale ya Uingereza. Ukitazama majira ya kule unaelewa kwa nini umefaulu. Desemba jua la London linazama kabla ya saa kumi jioni. Mtoto wa miaka minne anaona kila kitu, anakunywa kinywaji chake cha moto, na saa moja usiku yuko kitandani. Bustani imelala, haina maua wala wageni, na kwa baridi ile wadudu hawasumbui mtu.

Sisi tuko kwenye ikweta. Jua la Kampala linazama baada ya saa kumi na mbili na nusu, na hubadilika kwa kama nusu saa tu mwaka mzima. Giza nalo halikawii: ukichelewa kidogo kufungia kuku, unawatafuta kwa tochi. Kwa hiyo lango haliwezi kufunguliwa kabla ya saa moja usiku, na mtoto wa miaka minne ana saa moja na nusu tu kabla hajageuka mzigo mgongoni mwa mtu. Tena Novemba kwetu bustani hailali. Ni mwezi wa mvua, na kila kitu kinaota na kuruka.

Jambo moja waandaaji walikuwa wamelifikiria sana, nalo ni moto. Sijui mlinzi wa mahali pa kale Kampala asiyefikiria moto. Tarehe 16 Machi 2010 iliteketea Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi walikolazwa makabaka wanne, yaani wafalme wa Buganda. UNESCO ilikuwa imeyaingiza makaburi hayo kwenye urithi wa dunia mwaka 2001; mwaka ule ule wa moto yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na hayakuondolewa huko mpaka 2023, baada ya miaka ya kujenga na kuezeka upya. Ndiyo maana usiku ule kila waya ulikuwa ndani ya bomba, karibu na nyumba ya nyasi hapakuwa na balbu yoyote ya joto, mishumaa ilikatazwa langoni, na mitungi ya kuzimia moto ilikuwa kila unapogeuka. Kwa hilo nawapa heko. Lakini mtu akishaungua mara moja, anachungulia jiko tu, hata kama nyoka yuko mlangoni.

Vituo vitatu vya kwanza

Tiketi yetu ilikuwa ya saa moja na nusu. Kwa foleni ya magari tulifika saa mbili kasoro dakika kumi, na hawakutusumbua. Manyunyu yalikuwa yamekatika muda si mrefu, ardhi inanukia udongo. Mwezi ulikuwa haujaandama.

Kabla ya kuanza niliwasimamisha chini ya mti, simu mfukoni, dakika kumi nzima. Watoto walinung'unika. Mimi hufanya hivyo kila mara, kwa sababu jicho huchukua kama nusu saa kulizoea giza sawasawa, na kutazama kioo cha simu kwa muda mfupi tu kunalirudisha mwanzo. Anayeingia na simu mkononi haoni maonyesho. Anaona simu yake, na nyuma yake kuna rangi rangi.

Kituo cha kwanza, mizizi ya mti na sauti ya ngoma, tulikipita. Cha pili ndicho nilichokipenda, na kwa macho yangu ndicho kilichogharimu fedha kidogo kuliko vyote. Walikuwa wametundika vipande virefu vya lubugo kati ya mituba miwili, na nyuma ya kila kipande taa moja hafifu ya rangi ya kaa la moto. Lubugo ni gome la ndani la mutuba, linalobanduliwa na kutwangwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka likatanuka na kuwa kitambaa. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Mchana utaliona kama shuka la rangi ya tofali bichi, basi. Usiku, mwanga ukiwa nyuma yake, yote yanajitokeza: mistari ya nyundo inayopishana kama mifereji ya shamba, mahali tawi lilipokuwa limechipuka na kuacha tundu, kiraka kilichoshonwa juu ya tundu hilo, kila pito la uzi. Bibi alipitisha kiganja chake nyuma ya kitambaa. Kivuli cha vidole vitano kikatembea juu ya mishono, kikasimama kwenye kiraka.

"Aliyeshona hapa alikuwa na haraka," akasema.

Hatua tatu kutoka hapo ulisimama mutuba uliobanduliwa karibuni, shina limefungwa majani ya migomba ili gome jipya liote bila kukauka. Hakuna taa iliyouelekea. Ningekuwa mimi, hapo ndipo ningeweka taa.

Kibao cha maelezo kilikuwa kwa Kiingereza na Kiganda. Katiba ya Uganda iliipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike rasmi, lakini vibao havijapata habari. Nikasoma na kutafsiri, kama kawaida yangu, na watu wa familia nyingine mbili wakasogea kusikiliza.

Kituo cha tatu kilikuwa cha Ggombolola, moto unaowaka langoni pa Lubiri, jumba la kifalme kule Mengo, na kuzimwa kabaka anapofariki. Moto halisi ulikuwa umekatazwa, kwa hiyo waliweka taa ndogo nyekundu ndani ya chungu kipana, zikipumua polepole. Mtoto wa kati aliuliza nani analala hapo usiku kuuchochea. Nikamwambia kuna mtu mwenye cheo cha kazi hiyo. Akaniuliza kama na mvua pia. Tukacheka, tukapanda kuelekea cha nne, ukuta wa jumba.

Ukuta

Hapo ndipo palipokuwa na fahari yao. Ukuta wote wa mbele, mweupe, ulikuwa turubai la projekta, picha za Kampala ya zamani zikipita juu yake. Miti ya pembeni ilimwagiwa taa za buluu. Na juu ya paa, ile nguzo ya mwanga inayopenya angani ili watu wa barabara ya chini waone kwamba huku kuna jambo.

Baada ya yule wa kwenye kilemba alikuja wa pili, wa tano, kisha ikawa si ya kuhesabu. Sauti yake ni kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati: ta, ta-ta, kwenye vioo vya taa. Mzee mmoja wa heshima kwenye picha ukutani aliota ndevu za kijani, halafu ndevu zikaanza kutembea kuelekea paji la uso. Wa kijani, wa kahawia, mmoja mmoja wa zambarau. Watu walipiga kelele, wachache kwa hofu na wengi kwa furaha, maana senene mwenyewe hahitaji kutangazwa Kampala. Mwanamume mmoja alivua koti, akafunga mikono yake fundo, likawa gunia. Akina mama walitoa kaveera, mifuko ya plastiki, kwenye mikoba. Askari wa mlango wa jumba, aliyekuwa amesimama kama mti jioni nzima, alivua kofia yake na kuanza kuijaza kwa utaratibu mzuri, akimfunika kila mmoja kwa kiganja. Mtoto wetu wa miaka minne, ambaye nilidhani angelia, alikuwa na wanne kwenye mfuko wa sweta na anatafuta wa tano. Kwao Bukoba wanamjua.

Aliyenigusa ni msichana wa kujitolea aliyekuwa anaelekeza watu. Alitembea kwa ncha za vidole, tochi chini, akiwasogeza senene pembeni kwa kijiti. Shemeji alimuuliza mbona hakusanyi.

"Nnyabo, mimi ni wa ukoo wa Nsenene," alisema. "Ni muziro wetu. Hatuli. Hata kumkanyaga naona vibaya."

Na kukanyagwa walikuwa wanakanyagwa. Karibu nusu ya uzito mkavu wa senene ni mafuta, na ndiyo sababu hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe; ukimkaanga vizuri huongezi kitu ila chumvi na kitunguu. Jikoni ni sifa, kwenye ngazi za mbao ni balaa. Kaka aliteleza kwenye ngazi za kuelekea kituo cha tano, akakaa kitako vidaraja vitatu mfululizo, mkono mmoja hewani ili asimwangukie bintiye. Haikuvunjika kitu isipokuwa suruali.

Waandaaji walipoona mtu ameanguka walifanya jambo ambalo yeyote angelifanya: waliwasha mataa makubwa meupe ya dharura ili watu waone ngazi. Nadhani hayakupita hata dakika tano. Waliokuwa ukutani wakahamia kwenye ngazi, na waliokuwa angani wakashuka. Kisha mtu akapaza sauti, wakazima jenereta, yote kwa mara moja. Macho yaliyokuwa yametoka kwenye mataa yale hayakuona kitu. Simu zikawaka kila upande, kila moja na senene wake.

Lililobaki lilikuwa la kubishana. Njia ni ya upande mmoja, kijana wa kamba aliambiwa asiruhusu mtu kurudi, na kijana wa kamba ni kijana wa kamba. Bibi ana goti baya. Nilimwambia, "Bwana mdogo, huyu ni mama yako. Unataka apande ngazi za mafuta gizani?" Alimtazama Bibi, akaishusha kamba. Tulirudi mpaka kituo cha pili, tukaketi chini ya lubugo kusubiri watu wapungue langoni. Mtu alikuwa ameziwasha tena taa za hapo peke yake, kwa betri.

Hapo ndipo nilipoona lile ambalo limenifanya niandike. Juu ya vitambaa vyote vya lubugo nilihesabu senene watatu.

Kwa nini walikuja, na kwa nini hapa hawakuja

Senene, ambaye wanasayansi humwita *Ruspolia differens*, hutokea kwa wingi mara mbili kwa mwaka huku kwetu, kufuata mvua: msimu mkubwa wa Novemba na Desemba, na mwingine wa Aprili na Mei. Watu wa Masaka wanaishi kwa kuijua kalenda hiyo. Wanapanga mapipa, wanasimamisha mabati ndani yake, wanawasha balbu kubwa, nyingine za wati 400, wanachoma nyasi mbichi ili moshi uwaleweshe. Senene anaufuata mwanga, anagonga bati, anateleza, yuko ndani ya pipa. Wategaji hupenda kilima, hupenda usiku usio na mwezi, na hupenda mvua ikiwa imekatika.

Sasa yarudie yale ya usiku wetu. Kilima. Novemba. Mwezi haujaandama. Manyunyu yamekatika. Nguzo ya mwanga inaonekana kilomita kadhaa, na chini yake ukuta mweupe mpana kuliko mabati ya mtegaji yeyote. Ungemwomba mtu wa Masaka akuchagulie mahali na saa, angekupeleka pale pale. Kilichokosekana ni mapipa. Bibi aliliona hilo kwa senene mmoja tu, kwa sababu Bukoba nako wanatega hivyo hivyo; sisi wengine tulikuwa tunatazama picha.

Kuhusu kinachomleta mdudu kwenye taa, utafiti uliochapishwa Januari 2024, wa kamera za kasi kubwa, uliwaonyesha wadudu wengi wanaoruka wakiugeuzia mwanga mgongo. Usiku wa asili anga ndiyo yenye mwanga kuliko ardhi, kwa hiyo anayeelekeza mgongo kwenye mwanga anajua juu ni wapi. Ukimwekea balbu ubavuni, anainama, anazunguka, hawezi kutoka. Utafiti ule haukuwa wa senene, lakini ukiwatazama walivyokuwa wakizunguka ile nguzo utaona mantiki yake. Hawakuwa wanashangilia. Walikuwa wamenaswa.

Rangi nayo ina kazi. Wadudu wengi wa usiku huvutwa zaidi na mwanga wa upande wa buluu na ule wa zambarau usioonekana kwa jicho la mtu, na balbu za zamani za zebaki, kipenzi cha wategaji, zimejaa huo usioonekana. Taa za LED za joto ni afadhali: zile za rangi ya kaa, kama kelvini 2,200 kwa kipimo cha rangi ya mwanga, zina buluu kidogo sana, wakati nyeupe kali za kelvini 6,500 zinayo tele. Waandaaji walichagua LED kwa sababu hazichomi nyasi, na walifanya sawa, ila waliogopa joto wakasahau rangi. Tena ile nguzo haikuwa LED. Ilikuwa balbu ya gesi yenye nguvu. Kwenye kituo cha pili taa ilikuwa hafifu na nyekundu, na gome lenyewe la kahawia lilimeza buluu iliyosalia. Siwezi kuapa kuwa ni rangi peke yake, maana taa zile zilikuwa pia chini, zimefichwa na miti. Lakini watatu ni watatu.

Kosa lililofanya usiku uharibike, kwa hukumu yangu, si kuja kwa senene. Ni mpangilio wa swichi. Kila kitu kilitoka kwenye jenereta moja na swichi moja, kwa hiyo palikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua, kuongeza au kuzima. Kama taa zingegawanywa, mtu angezima nguzo kwanza, kisha ukuta, kisha miti ya buluu, akaacha taa ndogo za njia na za lubugo. Watu wangeendelea kutembea. Na njia ya upande mmoja ni nzuri mpaka iwe mbaya. Siku ya shida iwe na mtu mwenye akili ya kuifungua, si kamba na kijana aliyeogopeshwa.

Kuhusu pesa: walitugawia tiketi za usiku mwingine. Ungwana, kwa anayekaa Kampala. Basi la Bukoba lilikuwa linaondoka kesho yake.

Siku mbili baadaye shemeji alinitumia picha kwa WhatsApp, shingo ya mtoto wa kati: alama nyekundu ndefu yenye malengelenge, kama aliyechapwa kwa chuma cha moto. Nilimjua aliyefanya. Ni yule kidudu mwembamba wa rangi nyeusi na nyekundu tunayemwita nairobi flai, ambaye huzidi wakati wa mvua na huzifuata taa vilevile. Hang'ati wala hachomi. Sumu iko ndani ya mwili wake, na inatoka ukimponda juu ya ngozi. Kidonda kinajitokeza siku ya pili, kwa hiyo hukumbuki hata ulimponda wapi. Wategaji wa senene wanamjua kwa makovu. Akikutua, mpulize aondoke. Ukishamponda, sabuni na maji mengi hapo hapo, na usijiguse macho. Hili nilipaswa kuwaambia watoto kabla hatujaingia, na sikuwaambia. Hilo ni kosa langu, si la waandaaji.

Ninavyofanya siku hizi

Bado napeleka wageni. Novemba na Desemba, tena Aprili na Mei, napiga simu kwanza na kuuliza maswali mawili ambayo huwashangaza: je, kuna mwanga unaoelekea angani, na taa za njia ni za rangi gani. Wakijibu nyeupe na ndiyo, nasubiri mwezi mpevu, wakati ambapo wategaji wenyewe hulalamika. Wenye watoto wadogo nawaingiza tiketi ya kwanza kabisa, saa moja. Wazee nawaulizia njia ya kurudi kabla ya kulipa. Nguo za mikono mirefu, viatu vya soli yenye meno. Na kila mara tunaanzia gizani, dakika kumi, hata wakinung'unika.

Nilirudi pale wiki ya kwanza ya Desemba, peke yangu, kwa mojawapo ya zile tiketi. Nguzo ilikuwa imezimwa. Ukutani waliacha picha chache za rangi ya udongo. Msichana wa ukoo wa Nsenene alikuwepo, safari hii anatembea kawaida. Nilipofika kituo cha saba nikaona kitu kinawaka nyuma ya ukuta wa mpaka, kikali kuliko kituo chochote: majirani walikuwa wamesimamisha mapipa mawili na mabati yao kwenye kiwanja cha pili, balbu juu, moshi wa nyasi unapanda umejaa mwanga, na ndani ya moshi maelfu ya mabawa. Mwanga wao ulikuwa umefuta kabisa kituo cha saba na cha nane. Hakuna aliyekuwa anavitazama. Watu wote wa tiketi walikuwa wameegemea ukuta, viwiko juu ya matofali, wanaangalia mapipa, na kijana wa kamba pia.

Nilipiga picha nikamtumia Bibi. Jibu lilikuja usiku huo huo, ujumbe wa sauti wa sekunde nne:

"Mabati yamelala mno hayo. Waambie wayasimamishe."